Kilo Nne

Maji Mabibo hutoka saa nane za usiku,
bila hodi, kama mgeni mwenye deni.
Mama aligonga ukuta: "Kondo! Yametoka!"
Nikaamka, nikabeba ndoo za lita ishirini,
ya kwanza, ya pili, ya saba,
ulimi umenata kwenye kaakaa kama stempu,
na sikunywa hata tone.

Zilibaki siku mbili nipimwe.
Mimi nilikuwa sitini na moja.
Mkataba wa pambano ulisema hamsini na saba,
uzani wa unyoya.
Kilo nne. Nilipiga hesabu nikiwa nimeinama bombani:
lita nne, dumu dogo la mafuta ya alizeti,
lile ambalo Pili, mdogo wangu, hulibeba kwa kidole.
Nilitakiwa nilimwage dumu hilo
nje ya ngozi yangu.

Basi nikakimbia Barabara ya Mandela saa saba mchana,
nimejiviringisha nailoni, juu yake sweta,
juu ya sweta koti alilonunua baba kwa baridi ya Njombe.
Utingo wa lori akachungulia: "Oya, umeiba au umeibiwa?"
Nikatafuna jojo, nikatema kwenye kopo la maziwa,
nikatema mpaka mate yakagoma.
Mkojo ukawa chai ya rangi iliyolala.
Kona ya Bi Mwanahawa, harufu ya maandazi
ikanipiga konde ambalo hakuna refa aliyeliona.
Mwanamume hasemi ana njaa.
Husema yuko kambini.

Asubuhi ya mizani
nilisimama nyuma ya taulo kama nilivyozaliwa.
Gramu sitini zimezidi.
Kocha Mtulia hakusema kitu. Akatoa wembe.
Nywele zikaanguka sakafuni, nikapanda tena:
hamsini na saba kamili.
Watu wakapiga makofi. Nikainua ngumi juu
na ngumi ilikuwa nzito kuliko mimi.

Nilikunywa usiku ule, nilikunywa sana,
lakini ardhi iliyopasuka, ukiimwagia kwa pupa,
maji hupita juu juu yakaenda zake.

Raundi ya nne sikuangushwa. Hilo nataka lieleweke.
Nilikaa tu kwenye kigoda cha kona,
Kocha akaniuliza tuko mtaa gani,
nikamtajia shule yangu ya msingi.
Akarusha taulo ulingoni.
Taulo lile lile.

Mwananyamala, nesi Eutropia aliibana ngozi ya mkono wangu
akaiachia. Ikabaki imesimama kama hema.
Akaisubiri mpaka ilipoona vema kulala.
"Nani kakwambia wewe mnene?"
"Mizani."
"Wewe si mnene, baba. Wewe mkavu."

Dripu ilidondoka, nami nikawa na muda wa kufikiri.
Unyoya: ukiuona umelala njiani,
ujue kuku hayupo.
Na Mangi wa dukani kwetu, akipima sukari,
huegemeza kidole, na mtaa mzima unamjua.
Mimi miaka mitatu nimekuwa Mangi wa mwili wangu,
na mteja aliyepunjwa ni mimi.

Kocha alinuna wiki nzima.
"Huko sitini na moja wana mikono mirefu."
Kweli wanayo. Wa kwanza alinipasua nyusi,
akanishinda kwa pointi, wala si kwa mbali.
Lakini raundi zote nane
nilijua tuko mtaa gani.

Sijapona kila kitu. Asubuhi bado naiibia mizani jicho.
Juzi chapati ya tatu niliitazama kama mpinzani,
nikaila nusu, nusu nikamwachia Pili,
na sijui bado kama ile ilikuwa shibe au woga.

Jana usiku ukuta ukagongwa.
Nikatangulia bombani na kikombe cha bati,
nikanywa nimesimama, maji yakishuka kifuani na ndani ya kifua.
Mama akanimulika tochi: "Jaza ndoo kwanza!"
"Najaza, mama," nikasema,
nikakinga kikombe cha pili.